Herufi Zilizopoteza Ufunguo

Nje ya msikiti wa mtaa wetu ilibandikwa karatasi ya michango ya kutengeneza paa. Aliyeiandika alikuwa na haraka na karatasi yenyewe ilikuwa ndogo, basi akafupisha kila kilichofupika. Mistari yake ilikuwa hivi: "Sh. Saidi, Sh. 500. Sh. Omari, Sh. 200. Dk. Salim, Sh. 1,000. Kikao baada ya Isha, dk. 15." Mtoto mmoja wa chuoni, ambaye ndiyo kwanza ameanza kusoma sawasawa, akasimama mbele yake akaisoma kwa sauti: "Shilingi Saidi, shilingi mia tano. Shilingi Omari, shilingi mia mbili. Dakika Salim..." Wazee waliokuwa barazani wakavunjika mbavu kwa kicheko. Sheikh Saidi mwenyewe akamwita, akamuuliza: "Mwanangu, mimi nakwenda kwa shilingi ngapi sokoni?"

Nami nilicheka pamoja nao. Baadaye nilipofikiri nikaona kwamba mtoto yule hakukosea. Alifundishwa kuwa "Sh." ni shilingi, akasoma alivyofundishwa. Hakuna aliyemwambia kuwa herufi hizo hizo mbili hutumiwa pia kwa sheikh, wala kuwa "Dk." ni daktari na "dk." ni dakika. Sisi tuliocheka hatukumzidi kwa akili. Tulimzidi kwa kitu kimoja tu: tulikuwa tunawajua wenye majina.

Watu wengi hudhani kuwa maradhi haya ya kufupisha maneno ni ya zama zetu, yaliyokuja na afisi za serikali, vyama vya siasa, na sasa simu za mkononi. Ni kweli kwamba karne iliyopita ilitujaza herufi. Unguja katika miaka ya 1955 hadi 1963 watu walizungukwa na ZNP, ASP na ZPPP, mpaka wenyewe wakaona taabu kuzitamka, wakasema "Hizbu" na "Afro" yakaisha. Waislamu nao tulipata BAKWATA mwaka 1968 kwa upande wa Tanzania, na SUPKEM mwaka 1973 kwa upande wa Kenya, na leo wako vijana wanaoyataja majina hayo kila siku wala hawawezi kukuambia kila herufi imetoka katika neno gani. Lakini jambo lenyewe ni la kale sana kuliko vyama na serikali hizi. Wanavyuoni wetu walilijua, wakalitumia, wakalihofu na wakaliwekea mipaka zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Khabari yake inafaa kujulikana katika nyumba zetu, kwa sababu vitabu walivyoviandika bado tunavisomesha, na herufi zao bado zinatutatiza.

Tuanze na watu wa hadithi. Ndugu msomaji, fikiri kazi waliyokuwa nayo. Kila hadithi ina sanad yake, yaani mlolongo wa watu walioipokea mmoja kwa mwenziwe mpaka kwa Mtume wetu Muhammad, rehema na amani za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Katika kila kiungo cha mlolongo huo mna neno "haddathana", ametuhadithia, au "akhbarana", ametupa khabari. Kitabu chenye maelfu ya hadithi kina maneno hayo makumi ya maelfu ya mara, na yote yaandikwe kwa kalamu ya tete, kwa mkono, juu ya karatasi iliyonunuliwa kwa fedha ya taabu. Basi waandishi wakafupisha. "Haddathana" wakaiandika "thana" (ثنا), wengine "na" peke yake (نا). "Akhbarana" wakaiandika "ana" (أنا), ambayo asiyejua akiiona hudhani ni "mimi" kwa Kiarabu. Hata neno "qala", amesema, mara nyingi waliliacha kabisa lisiandikwe.

Lakini hapa pana sharti ambalo leo tumelisahau. Ufupisho ule ulikuwa wa kalamu, haukuwa wa ulimi. Mwanafunzi anayesoma mbele ya sheikh wake alitakiwa alitamke neno zima, "haddathana", na ile "qala" isiyoandikwa aitaje pia. Na kwa kuwa kitabu hakikuchukuliwa dukani, bali kilisomwa mbele ya mwalimu ambaye naye alikisoma mbele ya mwalimu wake, herufi zile hazikumdhuru mtu. Ufunguo ulikuwa kinywani mwa mwalimu, nao ulisafiri pamoja na kitabu.

Hata hivyo, ufunguo hata ukitunzwa vipi huweza kupotea. Mfunue Imam Muslim katika Sahihi yake, utakuta katikati ya sanad nyingi imesimama herufi moja peke yake, ile ha isiyo na nukta (ح). Huwekwa pale ambapo mpokezi anaiacha njia moja ya sanad na kuanza njia nyingine. Kila mtu alijua kazi yake, lakini imetoka katika neno gani? Ibn Salah, mwanachuoni mkubwa wa Damascus aliyefariki mwaka 643 wa Hijra (1245), aliliuliza suala hili katika kitabu chake cha elimu ya hadithi kinachojulikana kwa jina la Muqaddima, akakusanya majibu. Wako waliosema ni "tahwil", kugeuka kutoka sanad hii kwenda nyingine. Watu wa Maghribi walisema ni kifupi cha "al-hadith", na walipoifikia hulisoma neno hilo. Hafidh mmoja, Abdul-Qadir Ar-Ruhawi, alisema imetoka katika "hail", kizuizi kinachosimama baina ya sanad mbili, nayo haitamkwi. Na yeye Ibn Salah aliona kwa hati ya mikono ya wakubwa wa hadithi, mahali pa herufi hiyo, pameandikwa "sahha", yaani ni sahihi, ili msomaji asidhani kuwa kuna hadithi iliyoanguka. Kisha akakiri kuwa haikumfikia kwa mtu wa kutegemewa kauli ya kukata shauri, na akapendelea msomaji aseme "ha" tu apite.

Nimekaa na khabari hii muda mrefu. Hawa si watoto wa chuoni mbele ya karatasi ya michango. Ni watu waliohifadhi majina ya maelfu ya wapokezi, tarehe za kuzaliwa kwao na kufa kwao, na nani alikutana na nani. Na herufi moja waliyoiandika wenyewe, mikononi mwao wenyewe, maana yake iliwaponyoka ndani ya karne chache. Napenda pia namna Ibn Salah alivyoacha bila kujibu. Mtu mwenye pupa angechagua moja na kuifanya ndiyo.

Zikaja karne za kukusanya, na ufupisho ukahama kutoka maneno ya sanad ukaingia katika majina ya watu na vitabu. Hapa ndipo palipo na khatari yenyewe, na nitakaa hapo kidogo.

Hafidh Al-Mizzi, aliyefariki mwaka 742 wa Hijra (1341), aliandika kitabu kikubwa juu ya wapokezi wa vile vitabu sita mashuhuri vya hadithi. Kando ya jina la kila mpokezi aliweka herufi kuonyesha ni kitabu gani kilichopokea kwake. Khe (خ) ni Bukhari. Mimu (م) ni Muslim. Dali (د) ni Abu Daud, te (ت) ni Tirmidhi, na sini (س) ni Nasai. Akabaki Ibn Majah. Mimu imekwisha kuchukuliwa na Muslim, basi Ibn Majah akapewa qafu (ق), kwa sababu kwao ni mji wa Qazwin. Na mpokezi aliyepokelewa na wote sita akawekewa ayni (ع). Ibn Hajar Al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 wa Hijra (1449), akaupokea mwendo huo katika kitabu chake kidogo chenye manufaa makubwa, Taqribu t-Tahdhib, ambacho mpaka leo ndicho anachokikimbilia mwanafunzi anapotaka kujua mpokezi fulani ni mtu wa kuaminiwa au si wa kuaminiwa.

Kisha akaja Imam As-Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 911 wa Hijra (1505), akatunga Al-Jami'u s-Saghir. Ni kitabu kinachopendwa, kwa kuwa kina hadithi zaidi ya 10,000 fupi fupi, zimepangwa kwa herufi zao za mwanzo, wala hazina sanad za kumchosha msomaji. Mwisho wa kila hadithi aliweka alama ya mwenye kuipokea, na mwanzoni mwa kitabu akazieleza alama hizo, nazo ni karibu 30. Khe ni Bukhari na mimu ni Muslim, kama ilivyokuwa. Lakini qafu kwake si Ibn Majah. Qafu kwake ni "muttafaq alayhi", hadithi waliyoafikiana juu yake Bukhari na Muslim wote wawili, daraja ya juu kabisa ya usahihi. Ibn Majah amempa he ya mwisho wa jina lake (ه). Nasai amemhamisha kutoka sini akampa nuni (ن). Na ayni, ambayo kwa Al-Mizzi na Ibn Hajar ni wote sita, kwa Suyuti ni Abu Ya'la peke yake.

Sasa tazama linaloweza kutokea. Kijana amejifunza alama kutoka Jami'u s-Saghir. Siku moja anafungua Taqrib kutafuta mpokezi, anamkuta kando yake ana qafu. Moyoni anasema: "Huyu amepokelewa na Bukhari na Muslim kwa pamoja, basi nani atakayemtia ila?" Kumbe mtu huyo amepokelewa na Ibn Majah peke yake, na wanavyuoni wamesema wazi kuwa waliopokelewa na Ibn Majah peke yake wengi wao wana udhaifu. Anageuza ukurasa, anamkuta mwingine ana ayni. Anasema: "Huyu yuko katika Musnad ya Abu Ya'la tu." Kumbe ndiye aliyepokelewa na wote sita. Amempandisha dhaifu na kumshusha madhubuti, wala hakusoma herufi hata moja kwa makosa. Kisha atapanda juu ya mimbari, na watu watatoka na maneno hayo wakayapeleke majumbani mwao, wakawaambie wake zao na watoto wao kuwa hivi ndivyo alivyosema Mtume, rehema na amani za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Kumsingizia Mtume neno ni jambo zito sana katika dini yetu, na wanavyuoni wa hadithi walitumia umri wao kulikinga.

Suyuti hakufanya kosa. Ibn Hajar hakufanya kosa. Kila mmoja ameweka ufunguo wake katika kurasa za mwanzo za kitabu chake. Kosa ni la kuuchukua ufunguo wa nyumba hii ukafungulie nyumba ya jirani. Na sisi wengi, tukubali, tukifungua kitabu hurukia kurasa tunayoitaka. Dibaji hatuisomi.

Katika Jami'u s-Saghir kulikuwa na alama za aina ya pili: sad na ha (صح) kwa hadithi sahihi, ha (ح) kwa hadithi hasan, na dhadi (ض) kwa hadithi dhaifu. Al-Munawi, aliyeishereheshea kazi hiyo kwa kitabu kikubwa Faydhu l-Qadir na kufariki mwaka 1031 wa Hijra (1622), alitoa onyo mapema kabisa: alama hizi za daraja zinazoonekana katika nakala si za kutegemewa, kwa sababu wanakili wamezipotosha sana. Si ajabu. Alama ya sahihi ikipungukiwa na sad yake, inabaki ha peke yake, na sahihi imekuwa hasan. Sad ikiangukiwa na tone la wino juu yake imekuwa dhadi. Neno zima likikosewa herufi moja, msomaji huliona limepinda na kulinyosha. Herufi moja ikikosewa inakuwa herufi nyingine iliyo nzima, haina dalili ya kuumwa. Kwa hiyo hadithi ya Jami'u s-Saghir yenye alama ya sahihi katika nakala uliyonayo isikutoshe mpaka uone walivyoisema wanavyuoni kwa maneno kamili.

Nilitaja ha isiyo na nukta katika sanad, na sasa ha hiyo hiyo kwa maana ya hasan. Iko tena. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), katika kitabu chake cha fiqhi Al-Wajiz, aliweka juu ya maneno herufi za wino mwekundu kuonyesha nani anakhalifu katika mas-ala yale: mimu ni Imam Malik, ha ni Imam Abu Hanifa, zay ni Al-Muzani mwanafunzi wa Shafi'i. Mimu ambayo kwa watu wa hadithi ni Muslim, kwa Ghazali ni Malik.

Na sisi watu wa pwani, ambao madhehebu yetu ni ya Shafi'i, tumerithi mzigo wetu wenyewe wa herufi. Fungua hashiya zilizoandikwa pembezoni mwa vitabu vya fiqhi, utazikuta zimejaa. Mimu na re (م ر) ni Muhammad Ar-Ramli, mwenye Nihaya, aliyefariki mwaka 1004 wa Hijra. Ayni na shini (ع ش) ni Ali Ash-Shabramallisi. Ha na jimu (حج) ni Ibn Hajar, na mwanafunzi mgeni akiziona huzisoma "hajj", akatafuta mas-ala ya Makka katikati ya mlango wa biashara. Akishaambiwa kuwa ni Ibn Hajar, bado hajapona, kwa sababu Ibn Hajar wako wawili. Huyu wa fiqhi ni Al-Haytami, mwenye Tuhfa, aliyefariki mwaka 974 wa Hijra, wala siye yule Al-Asqalani wa Taqrib niliyemtaja. Na mambo haya si ya kuchezea, maana Ibn Hajar na Ramli hukhitilafiana katika mas-ala mengi, na watu wa Hadhramaut, ambako masharifu na masheikh wengi wa pwani hii walichukua elimu yao, huelekea zaidi kwa Ibn Hajar, hali watu wa Misri huelekea kwa Ramli. Khe na to (خط) katika hashiya hizo ni Al-Khatib Ash-Shirbini, mfaqihi wa Misri. Katika Jami'u s-Saghir khe na to hizo hizo ni Al-Khatib Al-Baghdadi, mtu wa hadithi na historia, aliyemtangulia kwa karne tano.

Kipo kitabu kimoja cha fatwa kinachopendwa sana na waliosoma kwa masheikh wa Hadhramaut, Bughyatu l-Mustarshidin, kilichokusanywa na Mufti wa Hadhramaut, Sayyid Abdur-Rahman bin Muhammad Al-Mash-hur, aliyefariki mwaka 1320 wa Hijra (1902). Amekusanya fatwa za wanavyuoni watano, na kila fatwa ameitanguliza kwa herufi ya mwenyewe: be ni Balfaqih, jimu ni Al-Jufri, ye ni Bin Yahya, shini ni Al-Ashkhar, na kafu ni Al-Kurdi. Kafu hiyo kwa Suyuti ni Al-Hakim, na shini kwa Suyuti ni Ibn Abi Shayba. Anayesoma Bughya peke yake chumbani, bila mwalimu na bila dibaji, ataona herufi katika mabano akaziruka kana kwamba ni nambari za mistari. Atanukuu fatwa mbili zinazopingana kutoka kitabu kimoja akasema mwenye kitabu amejipinga mwenyewe, kumbe ya kwanza ni ya Bin Yahya na ya pili ni ya Al-Kurdi.

Niingie sasa katika msahafu, maana huu hauhitaji uwe mwanachuoni. Uko katika kila nyumba. Simaanishi zile herufi za mwanzo wa sura, kama Alif Lam Mim na Ya Sin. Hizo ni maneno ya Mwenyezi Mungu, na wanavyuoni wengi wamesema Yeye ndiye ajuaye makusudio yake. Nasema zile herufi ndogo ndogo zinazoelea juu ya mistari, ambazo ni kazi ya watu, zimewekwa kumwonyesha msomaji pa kusimama. Mwendo wa alama hizi unatajwa kwa Imam As-Sajawandi, aliyefariki mwaka 560 wa Hijra (1165), na misahafu ya chapa ya Bara Hindi iliyolelewa nayo pwani yetu ilifuata njia yake: to, jimu, zay, sad, kila moja na daraja yake ya kusimama. Tangu chapa ya msahafu ya Madina kufunguliwa mwaka 1984, misahafu yake imeenea kwetu kwa wingi, na ndani yake to na zay zile hazimo. Badala yake yako maandishi mawili yanayofanana, "qala" na "sala" (قلى na صلى), moja likiwa kifupi cha kusema kusimama ni bora, na la pili kifupi cha kusema kuunganisha ni bora. Babu anasoma katika msahafu wa Hindi, mjukuu katika msahafu wa Madina, wamekaa jamvi moja, na kila mmoja anamwona mwenziwe anasimama pasipo mahali. Na nimemsikia mtoto akiitamka ile ya pili, akaingiza "salla" katikati ya aya.

Tazama Suratu Yasin, ambayo hakuna nyumba ya pwani isiyoisoma. Katika aya ya 76 Mwenyezi Mungu anamliwaza Mtume wake asihuzunishwe na maneno ya makafiri, na papo hapo, juu ya neno "qawluhum", imesimama mimu ndogo. Ni mimu ya "lazim": hapa ni lazima usimame. Kwa sababu maneno yanayofuata, kuwa Yeye anayajua wanayoyaficha na wanayoyadhihirisha, ni maneno ya Mwenyezi Mungu mwenyewe. Ukiunganisha bila kuvuta pumzi, msikizi atadhani hayo ndiyo maneno ya makafiri yaliyotajwa. Kabla ya hapo, katika aya ya 52, msahafu wa Madina umeweka sini ndogo baada ya neno "marqadina". Hiyo ni "sakta", kunyamaza kidogo bila kukata pumzi, ili kauli ya wanaofufuliwa isichanganyike na jibu linaloifuata. Mimu moja na sini moja, kila moja ndogo kuliko punje ya ufuta, zinalinda nani amesema nini. Ni wangapi kati yetu tuliozisoma Yasin elfu, tukazipita?

Basi wanavyuoni walikubali kufupisha majina ya vitabu, majina ya watu, na alama za kusimama. Lakini kuna kitu kimoja walichokizuia, nacho ni kumsalia Mtume. Aya ya 56 ya Suratu l-Ahzab imeamrisha mambo mawili, sala na salamu. Ibn Salah yule yule aliyeieleza ha ya sanad kwa upole, alipofika hapa aligeuka mkali. Alitaka mwandishi asichoke kuiandika kila jina la Mtume linapotajwa, na akamwonya na kasoro mbili: kuiandika kwa alama ya herufi mbili tatu, na kuiandika bila ya "wa sallam". Akaeleza khabari ya Hamza Al-Kinani, mtu wa hadithi wa karne ya nne, aliyekuwa akiandika sala bila ya salamu, akamwona Mtume usingizini akimuuliza kwa nini haitimizi. Tangu siku hiyo hakuiacha tena. Na akataja kuhusu Ali bin Al-Madini, mwalimu wa Bukhari, na Abbas Al-Anbari, kwamba walipokuwa na haraka katika kuandika hadithi waliacha nafasi tupu, kisha wakirudi huijaza. Haraka walikuwa nayo kama sisi. Wao waliona karatasi tupu ni bora kuliko herufi tatu.

Walikuwapo hata hivyo walioandika "sal'am" (صلعم), herufi nne zilizookotwa katika sala na salamu. Suyuti katika Tadribu r-Rawi ameleta khabari kuwa inasemwa wa kwanza aliyeandika hivyo alikatwa mkono. Amesema "inasemwa", na mimi siichukui zaidi ya hapo. Lakini ajabu yake ni kwamba msemaji ni Suyuti, mtu aliyetia alama karibu 30 katika kitabu kimoja. Aliyefupisha Bukhari kwa herufi moja hakuona haya kumfupisha. Bukhari akifupishwa, hapungukiwi kitu, maana alama ile inaelekeza tu mahali pa kutafuta. Kumsalia Mtume hakuelekezi popote. Ni dua yenyewe, na dua iliyofupishwa bado haijaombwa.

Tulipoanza kuandika Kiswahili kwa herufi za kizungu, "sal'am" ilivua kanzu ikavaa suruali, ikawa "S.A.W." Wapo wanaosema kuwa jicho huona herufi na ulimi husema yote, kama walivyofanya watu wa hadithi kwa "haddathana", na mwenye kufanya hivyo kweli hana mtu wa kumlaumu. Lakini sikiliza watoto wanavyosoma vitabu vya dini kwa sauti. Wengi husema "Mtume sawu". Na "R.A." je? Wako wanaoiandika kwa "radhiyallahu anhu", dua ya masahaba, na wako wanaoiandika kwa "rahmatullahi alayhi", dua ya wanavyuoni na watu wema waliokuja baadaye. Kwa Kiarabu na Kiurdu alama zake ni mbili mbalimbali. Kwa herufi za kizungu zimekuwa moja, na sheikh wa karne ya saba anasomwa kana kwamba alikaa na Mtume, rehema na amani za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake.

Simu za mkononi zimemaliza kazi. Mama mmoja wa jamaa zetu, ambaye mwanawe yuko masomoni ng'ambo, alipata ujumbe kwamba mtihani umekwisha na atarudi mwezi wa Shaaban, na mwisho wa ujumbe pameandikwa "ISA". Mama akafurahi, akawaambia majirani kuwa mwanawe anarudi pamoja na rafiki yake aitwaye Isa, akatandika vitanda viwili. Walipozungumza kwa sauti akamuuliza Isa ni mtoto wa nani na anakula nini. Kijana akacheka, akamweleza kuwa ni "Inshaallah" ameikata. Mama akanyamaza kidogo, kisha akamwambia: "Basi iseme yote, baba, niisikie."